Ndege Inayosoma Udongo

(Mazungumzo na wanakisomo wa Mzinga, Morogoro)



Leo tunazungumza juu ya kusoma. Lakini si kusoma gazeti wala barua. Tunataka kuzungumza juu ya ndege inayopita angani na kusoma vitu vilivyo juu ya ardhi: huu udongo mwekundu, ule udongo mweupe wa mfinyanzi, lile jiwe la chokaa, huu mti mkaratusi, lile shamba la mahindi. Ndege hiyo haitui chini. Haichimbi. Haichukui hata punje ya mchanga. Inapiga picha tu, kisha wataalamu wanakaa na picha hiyo na kusema mahali fulani pana kitu fulani.

Wengine mtasema huo ni uchawi wa wazungu. Si uchawi. Ni kazi ya mwanga, na mtu yeyote anayejua kutenganisha rangi anaweza kuielewa. Tena tuna sababu ya kuielewa, kwa maana sisi tunaishi chini ya Milima ya Uluguru, na ardhi yetu imekwisha kupimwa na watu wengi kutoka nje. Mara nyingine vipimo vyao vimetufaa. Mara nyingine vimetutia hasara. Mtu asiyejua kipimo kinapima nini hawezi kuuliza swali. Na asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mwanga ni nini?

Tuanze na jua. Mwanga wa jua unaonekana mweupe, lakini ndani yake mna rangi nyingi zilizochanganyika. Mnaziona zikiachana wakati wa upinde wa mvua: nyekundu, manjano, kijani, buluu, zambarau. Matone ya mvua ndiyo yanayozitenganisha.

Sasa mwanga huo unapopiga kitu, kitu kile humeza rangi fulani na kurudisha nyingine. Jani la mgomba linameza nyekundu na buluu ili kujitengenezea chakula. Kijani linakirudisha kwa wingi zaidi. Ndiyo maana sisi tunaliona la kijani. Udongo wetu wa mlimani una chuma ndani yake, nacho kimeshika kutu. Kutu hiyo inameza buluu na kijani, inarudisha nyekundu. Ndiyo maana tunauona mwekundu. Na udongo wenye mboji nyingi unameza karibu rangi zote. Ndiyo maana ni mweusi.

Kwa hiyo rangi ni habari. Rangi inatuambia kitu kimetengenezwa kwa nini. Mkulima analijua hilo siku zote. Akiona majani ya mahindi yamekuwa manjano, anajua udongo umechoka. Mama mfinyanzi akienda mtoni kuchukua udongo, hachukui wowote. Anautazama, anaukanda, anajua huu utapasuka motoni na huu hautapasuka. Wote hao wanasoma, hata kama zamani hakuna aliyewaambia kwamba huko nako ni kusoma.

Macho yetu hayaoni yote

Lakini macho ya binadamu yana mpaka. Wataalamu wanapima mwanga kwa kipimo kidogo sana kinachoitwa nanomita. Chukua milimita moja kwenye rula ya mtoto wa shule, uigawe mara milioni moja. Kipande kimoja ni nanomita moja. Macho yetu yanaona mwanga kuanzia nanomita 400 hivi, ambao ni zambarau, mpaka 700 hivi, ambao ni mwekundu. Mwanga unaopita hapo upo, jua linautoa kila siku, lakini hatuuoni.

Na huko tusikoona ndiko kwenye habari nyingi. Jani bichi, kwa mfano, linarudisha mwanga mwingi sana mara tu baada ya wekundu. Kama macho yetu yangeweza kuona huko, msitu wa Uluguru ungetuumiza macho kwa kung'aa. Jani linaloanza kuugua hubadilika. Udongo mweupe uitwao kaolini, kama ule unaopatikana katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, unameza mwanga karibu na nanomita 2,200. Ulanga, ambayo ni yale mawe yanayobanduka kama karatasi za kung'aa na ambayo yaliwahi kuchimbwa katika milima yetu hii, nao unameza karibu na hapo hapo. Lakini kaolini inaacha alama mbili zilizoshikana, ulanga unaacha moja. Marumaru na mawe ya chokaa yanameza mbele zaidi, kama nanomita 2,340.

Kwa macho, chokaa na kaolini vyote ni vyeupe. Kwa kipimo hicho, havifanani hata kidogo.

Kamera ya rangi nyingi

Kamera ya kawaida, hata ile iliyo ndani ya simu, inagawa mwanga katika mafungu matatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Kwa mafungu matatu unapata picha nzuri ya harusi. Lakini huwezi kujua kama ukuta ulio nyuma ya bibi harusi umepakwa chokaa au kaolini.

Mwaka 1972 Wamarekani walirusha satelaiti iitwayo Landsat. Kamera yake kuu iligawa mwanga katika mafungu manne, na mafungu mawili kati ya hayo yalikuwa ya mwanga tusiouona. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kisha mwaka 1987 wakaanza kurusha kwenye ndege chombo kinachoitwa AVIRIS. Hicho kinagawa mwanga katika mafungu 224, kuanzia nanomita 400 mpaka 2,500. Wataalamu huita kazi hiyo upigaji picha wa haipaspektra. Jina ni gumu. Sisi leo tutasema kamera ya rangi nyingi.

Inafanyaje kazi? Ndege inapita juu kwa mstari ulionyoka, kama mkulima anayepanda mbegu kwa kamba. Ikifika mwisho inageuka, inarudi kwa mstari mwingine. Chini, ardhi inagawanywa katika viraba vidogo vidogo. Ndege ikiruka chini, kiraba kimoja kinaweza kuwa na upana wa mita moja. Ikiruka juu sana, kiraba kinakuwa kikubwa. Kwa kila kiraba, kamera inaandika: rangi ya kwanza imerudi kiasi gani, ya pili kiasi gani, mpaka ya mwisho. Hesabu hizo zikichorwa kwenye karatasi zinatoa mstari wenye vilima na mabonde. Pale kitu kilipomeza mwanga, pana bonde. Pale kilipourudisha, pana kilima.

Mstari huo ndio dole gumba la kitu hicho. Wanakisomo mnaelewa tunasema nini. Kabla ya kisomo, mtu aliyekuwa hajui kuandika jina lake alitia dole gumba kwenye karatasi, na dole hilo halikufanana na la mwingine. Basi kaolini ina dole gumba lake, chokaa ina lake, mkaratusi una lake.

Lakini dole gumba peke yake halisemi jina. Karani lazima awe na daftari lenye madole na majina. Wataalamu nao wana daftari hilo. Wanachukua kitu wanachokijua, wanakipima maabara kwa mwanga, wanaandika mstari wake na jina lake. Daftari hilo wanaliita maktaba. Halafu kompyuta inachukua mstari wa kila kiraba kutoka kwenye ndege na kuulinganisha na ile ya maktaba. Ikiona umefanana na wa kaolini, inaandika hapa pana kaolini. Kwa hiyo kamera haijui. Inalinganisha tu. Daftari likiwa na upungufu, majibu nayo yatakuwa na upungufu.

Kwa udongo wa Afrika daftari kama hilo lilianza zamani kidogo. Mwaka 2002 wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo mseto kilichoko Nairobi walitangaza maktaba iliyotokana na sampuli zaidi ya 1,000 za udongo wa juu kutoka mashariki na kusini mwa Afrika. Walionyesha kwamba kwa kupima mwanga unaorudi kutoka kwenye udongo, mtu anaweza kukadiria mboji na hali nyingine za rutuba kwa haraka, bila kufanya kila kipimo kwa dawa za maabara.

Mahali ilipofanya kazi

Tutoe mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa mbali. Tarehe 11 Septemba 2001 majengo mawili marefu sana ya mji wa New York, Marekani, yalianguka baada ya kugongwa na ndege zilizotekwa. Vumbi lilitanda juu ya mitaa. Watu waliogopa kwamba vumbi lile lina asbesto, zile nyuzi za mawe zinazoharibu mapafu mtu akizivuta. Siku tano baadaye, tarehe 16, ndege yenye AVIRIS ilipita juu ya mji. Ilirudi tena tarehe 18, 22 na 23. Picha zilionyesha mahali ambapo moto ulikuwa bado unaungua ndani ya vifusi, na zilionyesha kwamba tarehe 23 moto mwingi ulikuwa umekwisha. Wakati huo huo watu wa idara ya jiolojia walitembea kwa miguu mitaani na kuokota vumbi kwa ajili ya maabara. Picha na sampuli kwa pamoja zilionyesha vumbi lina nini: saruji, jasi, nyuzi za kioo, na mahali pengine asbesto kidogo.

Angalieni jambo hilo. Pamoja na ndege yao kubwa, ilibidi mtu ainame na kuokota vumbi kwa mkono wake.

Mfano wa pili ni wa jirani. Milima yetu ya Uluguru ina ndugu. Kuna mnyororo wa milima ya kale unaoitwa Tao la Mashariki. Unaanzia Taita huko Kenya, unakuja Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru, mpaka Udzungwa na Mahenge. Milima hiyo ina misitu yenye mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Basi kule Taita, Chuo Kikuu cha Helsinki cha Finland kimefanya utafiti kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa mwaka 2012 walirusha ndege yenye kamera ya rangi nyingi juu ya milima hiyo. Walitaka kujua kama kamera inaweza kutenganisha mimea katika mashamba kama ya kwetu, yaani shamba ambalo mahindi, migomba, miti ya matunda na miti ya kuni vimekaa pamoja.

Waligundua kwamba inawezekana, lakini si kwa urahisi. Mimea iliyopandwa kwa wingi mahali pamoja ilijulikana vizuri zaidi. Mimea michache iliyochanganyika ilisumbua. Baadaye walitumia picha za namna hiyo kutafuta miti ya kigeni, mikaratusi na miwati, mahali ilipoota kati ya miti mingine. Faida yake ni kubwa, kwa sababu msitu wa asili na shamba la mikaratusi vyote ni kijani ukivitazama kutoka mbali.

Na kwetu?

Wazee miongoni mwetu huenda wanakumbuka ndege za upimaji. Kati ya mwaka 1977 na 1980 ndege zilipita juu ya nchi yetu zikipima madini. Lakini zile hazikuwa na kamera ya rangi nyingi. Zilipima mvuto wa sumaku wa miamba na mionzi ya asili inayotoka ardhini. Sumaku inaweza kueleza habari za miamba iliyo chini sana. Kamera ya rangi nyingi haiwezi. Tusichanganye vitu hivyo viwili. Habari za upimaji huo zimehifadhiwa Dodoma, katika taasisi ya serikali ya jiolojia, nazo hutumika hadi leo.

Tangu mwezi Julai 2022 pia kuna chombo cha Marekani kiitwacho EMIT, kilichofungwa kwenye kituo cha anga kinachoizunguka dunia. Nacho ni kamera ya rangi nyingi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutambua madini yaliyo juu ya ardhi katika nchi kavu zenye vumbi, kama jangwa la Sahara, ili kujua vumbi jekundu na vumbi jeupe linavyobadilisha joto la dunia.

Sasa mtauliza, hapa Mzinga kamera kama hiyo ingetusaidia nini? Tufikiri pamoja.

Mto Mzinga unatoka mlimani na kupeleka maji bwawa la Mindu. Bwawa hilo linategemewa na mji wa Morogoro kwa maji ya kunywa. Mvua ikinyesha, maji ya mto yanakuwa mekundu. Wekundu ule ni udongo wa mashamba unasafiri. Unakwenda kukaa ndani ya bwawa na kupunguza nafasi ya maji. Hasara ni mbili: mkulima wa juu amepoteza rutuba, na mama wa mjini anafungua bomba halitoi.

Shamba linapopoteza udongo wa juu wenye mboji, uso wake hubadilika rangi. Weusi unaondoka, wekundu unatokea. Kamera ya rangi nyingi inaweza kuona mabadiliko hayo shamba kwa shamba, wakati ardhi iko wazi kabla ya kupanda. Kwa ramani hiyo, watu wangejua ni mteremko upi unahitaji majani ya kuzuia maji kwanza, badala ya kuamrisha kila mtu afanye kitu kile kile kila mahali.

Misitu pia. Wataalamu walikadiria kwamba msitu wa Uluguru ulikuwa na ukubwa wa kilometa za mraba 300 hivi mwaka 1955. Mwaka 2001 zilikuwa zimebaki kama 230. Msitu ndio unaoshika maji ya mto wetu.

Mambo ambayo ndege haioni

Ndugu zetu, sasa tunafika kwenye jambo zito. Kila chombo kina mpaka wake, na mtu anayekuletea habari za chombo bila kukuambia mpaka wake, mwangalie mara mbili.

Kwanza, kamera hii inasoma uso tu. Mwanga hauingii ardhini. Unagusa ngozi ya udongo na kurudi. Kilicho chini kwa urefu wa kidole, kamera haikijui.

Pili, majani yanafunika. Penye msitu au mahindi yaliyokomaa, kamera inasoma majani, haisomi udongo. Na mlima wetu umefunikwa kwa kijani sehemu kubwa ya mwaka.

Tatu, mawingu. Kamera inahitaji jua kali na anga safi. Anayeujua mlima wa Uluguru anajua mawingu yanavyoupenda.

Nne, mchanganyiko. Kiraba kimoja kikiwa na udongo kidogo, majani makavu kidogo na jiwe kidogo, mstari wake unakuwa kama makande. Ndani mna mahindi na maharage pamoja, na kuvitenganisha kunahitaji hesabu ngumu, tena hesabu hiyo huweza kukosea.

Tano, kamera haioni dhahabu. Punje za dhahabu ni chache mno na ndogo mno. Inachoweza kuona ni aina za udongo na kutu ambazo pengine hufuatana na dhahabu. Lakini mahali pengi penye udongo huo hapana dhahabu hata chembe. Na vyote ving'aavyo si dhahabu: ulanga nao unang'aa.

Tunalisema hili kwa makusudi. Milima yetu ina ulanga, ina marumaru, na upande wa Matombo panajulikana kwa rubi. Kwa hiyo wanaweza kuja watu na karatasi yenye rangi nyingi, wakasema, "Ndege imeona madini chini ya shamba lako. Uza upesi." Wewe uliyejifunza leo utajibu: ndege hiyo ilipita lini? Ilipima mwanga au sumaku? Kama ilipima mwanga, imeonaje chini? Ni nani aliyekuja kuokota jiwe na kulipima? Halafu utakwenda kwa viongozi wako kabla ya kutia sahihi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Na chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 madini ni mali ya umma, na mwenye kuyatafuta lazima awe na leseni. Ramani ya rangi si leseni. Wala si hati ya shamba.

Uso na tumbo la ardhi

Iko habari ya kale ya milima hii ambayo inafaa kukumbukwa hapa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wataalamu waliona kweli kwamba udongo unachukuliwa na maji. Hilo hawakukosea. Dawa waliyoamuru ni kila mkulima achimbe matuta ya ngazi kwenye mteremko. Asiyechimba aliadhibiwa.

Waluguru walichimba. Na wakiisha kuchimba waliona jambo ambalo mtaalamu wa ofisini hakuliona. Udongo wenye rutuba mlimani mahali pengi ni mwembamba. Ukichimba ngazi, unaufukia ule mweusi na kuutoa juu ule mwekundu usio na chakula. Mahindi yakadumaa. Kazi ikawa nyingi na mavuno yakawa madogo. Watu wakakataa. Mwezi Julai 1955 palitokea fujo upande wa Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu akafa. Mwaka huo huo mpango ukavunjika.

Haina maana kwamba ngazi ni mbaya popote. Kule Mgeta wapo wakulima wa mboga wanaotumia ngazi mpaka leo, kwa sababu wana maji na wanatia mbolea. Maana yake ni kwamba dawa ya shamba moja haiwi dawa ya mlima mzima, na kwamba aliyeona uso wa ardhi hajaona tumbo lake. Wazee walijua kilichoko chini kwa sababu jembe lao lilikuwa linafika huko kila mwaka. Hakuna aliyewauliza.

Hivyo ndivyo tunavyoiona ndege hii yenye kamera ya rangi nyingi. Tusiikatae. Inaona mbali, inaona upesi, inaona rangi ambazo sisi hatuzioni. Mtu mmoja kwa miguu hawezi kupita mashamba yote ya mlima kwa wiki moja. Lakini tusiiabudu. Mwenye ndege anaujua uso. Mwenye jembe analijua tumbo. Wakikaa pamoja chini ya mwembe mmoja, ramani yao itakuwa ya kweli. Mmoja akimwamuru mwenzake, yatarudi yale ya 1955.

Na mtaalamu akija kijijini kwetu kupima, kwa ndege au kwa miguu, tumpokee. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila tumwombe mambo matatu. Atueleze kwa Kiswahili anapima nini. Aje na sisi shambani kuhakikisha alichokiona. Na akimaliza aturudishie majibu, yaandikwe kwa herufi kubwa, yabandikwe pale kwenye ubao wa matangazo, kwa sababu sasa tunajua kusoma. Habari ya ardhi yetu isiishie kwenye kabati la mtu mjini.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja vitu vitatu unavyovitambua kwa rangi katika kazi yako. Rangi hiyo inakuambia nini?

2. Kwa nini kamera ya rangi nyingi haiwezi kuona kilicho chini ya udongo?

3. Mtu akija na picha iliyopigwa na ndege na kusema shamba lako lina madini, utamwuliza maswali gani? Utakwenda kwa nani?

4. Katika mashamba yenu, ni wapi udongo mweusi umekwisha na mwekundu umetokea? Nendeni mkaone pamoja, mchore ramani yenu wenyewe kwenye karatasi. Wekeni alama mahali ambapo maji yanachukua udongo zaidi. Kisha mkubaliane kazi ya kwanza ianzie wapi kabla ya mvua za masika.

Swali hilo la nne halihitaji ndege. Linahitaji miguu, kalamu na mapatano. Kikundi kitakachomaliza ramani yake kiilete darasani, tuisome sote.